Suti Moja kwa Marehemu Wote

Juzi mmeniuliza tena kwenye lile kundi letu la simu: "Mama, nimemaliza chuo, ninunue kompyuta gani ya kuanzia kazi ya dizaini?" Swali hilo limekuja mara nne mwezi huu. Mwingine ameuliza ni programu ipi inakata picha haraka zaidi. Na kijana mmoja wa Iyunga, ambaye sitamtaja kwa sababu mama yake ni rafiki yangu, ameuliza kama inawezekana kuifanya kazi hii bila kuonana na wateja kabisa. Nimeitafuta njia hiyo kwa miaka ishirini na mitatu, mwanangu, mpaka macho yakanistaafisha. Ukiipata, nipigie.

Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza habari za kigoda.

Kigoda ni chombo cha kwanza cha kazi hii, kabla ya kompyuta. Kiwe kifupi, kisicho na mgongo, na kikae kulia kwako, nyuma kidogo. Mteja akiingia, mkalishe hapo. Mteja akisimama nyuma ya kiti chako anageuka kuwa msanifu mwenzako. Ananyoosha kidole mpaka kioo cha kompyuta kinapata mafuta, anasema "vuta huku, punguza pale, weka kaua hapa." Akikaa kwenye kigoda, shingo inamuuma baada ya dakika kumi, anakumbuka kuwa ana safari sokoni. Hilo sikulisoma chuoni. Chuoni nilisoma habari za nafasi nyeupe.

Nilifika Mwanjelwa nikiiamini nafasi nyeupe kama watu wengine wanavyoamini wokovu. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kadi ya harusi. Nikaweka majina ya maharusi katikati, madogo, ya kupendeza, na pembeni nikaacha karatasi ipumue. Mwenyekiti wa kamati, baba mmoja mnene mwenye mashine ya kukoboa, aliigeuza kadi juu chini kama anatafuta mlango.

"Dada, hii umeshamaliza?"

"Nimemaliza, baba."

"Na hapa pote?"

"Hapo ni nafasi ya kupumzisha macho."

"Macho yatapumzika nyumbani," akasema. "Sisi tumelipia karatasi nzima."

Nikajaza. Waridi, njiwa wawili, pete mbili, na glasi mbili za mvinyo kwa harusi ya watu ambao dhehebu lao halionji hata togwa lililochacha. Hakuna aliyelalamika. Kadi ile ilisifiwa mpaka Uyole, na watu watatu walikuja kuomba "kama ile ya njiwa". Nililia kidogo chooni, nikarudi kazini. Nawaambia haya ili msidhani mimi nilizaliwa na hekima. Nilizaliwa na kiburi, na chuo kikuu kikanipa cheti cha kukithibitisha.

Duka lilikuwa la Mzee Shaweji. Babu zake walipanda kuja Mbeya kutoka pwani wakiuza nguo, na yeye akageukia picha. Alikuwa na chumba cha studio chenye pazia la bluu, mashine ya fotokopi, kompyuta moja na skana moja. Siku niliyokwenda kuomba kazi, alikisoma cheti changu mstari kwa mstari, akakigeuza kuona kama nyuma kuna kitu, akaniuliza:

"Unajua kumvalisha mtu suti?"

"Hapana, mzee. Hilo hatukufundishwa."

"Sasa miaka yote hiyo walikuwa wanawafundisha nini?"

Kumvalisha mtu suti ilikuwa hivi. Mtu anakuja na picha aliyopigwa amevaa fulana, anataka aonekane mtu wa heshima. Wewe unakata kichwa chake kwenye kompyuta, unakibandika juu ya suti iliyokwisha kuhifadhiwa humo. Suti yetu ilikuwa nyeusi, shati jeupe, tai nyekundu yenye madoadoa. Tulikuwa nayo moja tu, na kila mtu aliivaa: walimu wakuu, maharusi, wagombea, na zaidi ya wote marehemu, kwa sababu ratiba za mazishi, zile zenye picha ya marehemu juu, ndizo zilizokuwa mkate wetu wa kila siku. Ilikuwa suti ya Mzee Shaweji mwenyewe. Alishonewa kwa ajili ya harusi yake, akakaa mbele ya pazia la bluu, akajipiga picha, akajifuta kichwa kwenye kompyuta.

"Mwanangu Subira," alikuwa akiniambia huku akipuliza chai, "mimi nimezikwa Tukuyu, nimezikwa Chunya, Njombe nimezikwa mara mbili. Udiwani nimegombea kwa vyama vyote, na mara zote nimeshindana na mimi mwenyewe. Na bado niko hapa nakunywa chai, alhamdulillah."

Mwanzoni nilicheka kisomi, kwa pua. Baada ya miezi mitatu nilikuwa mvalishaji hodari kuliko wote Mwanjelwa. Nilimvalisha mtu kwa dakika saba. Na kwa kuwa mtaniuliza tu, siri ni kivuli cha kidevu. Kichwa kisichoweka kivuli shingoni kinaelea kama puto. Tazama kwanza pua: kivuli cha pua kikienda kulia, mwanga ulitoka kushoto, basi na kola iwe hivyohivyo. Nyie mnaachia simu iwafanyie. Simu siku hizi inamvalisha marehemu suti kwa sekunde tatu, na asipokuwa na meno inamwongezea. Nimeona ratiba moja hivi karibuni, bibi wa watu amewekewa tabasamu la mtangazaji wa televisheni. Nikaikunja nikaikalia ibada nzima.

Lakini msinione natukana simu. Ubaya nilioufanya mimi niliufanya kwa mkasi.

Skana yetu ilikuwa imekwaruzwa kioo. Mtu aliweka karatasi yenye pini ya stepla, akaivuta. Kona ya juu kushoto peke yake ndiyo ilibaki safi, ukubwa wa kiganja. Picha kubwa ukiiweka ilitoka na michirizi usoni, mtu akaonekana amechanjwa. Kununua skana nyingine kulikuwa na foleni yake ndefu nyuma ya kodi na wino. Kwa hiyo tukawa na utaratibu wetu: kinachotakiwa ni kichwa, basi kata kichwa kwa mkasi, kiweke konani. Picha nyingi zilikuwa zimepigwa kwetu na negativu zake tulikuwa nazo, ukiikata moja unasafisha nyingine. Utaratibu haukuwa na madhara, hadi siku alipokuja Ezekia.

Ezekia alikuwa seremala wa Iyunga, mtu wa Kilolo kwa kuzaliwa. Baba yake, Mzee Yohana, aliletwa Mbeya kutibiwa, akafariki. Kesho yake asubuhi wangeondoka na mwili kwenda kuzika nyumbani, na ratiba ilitakiwa isafiri nao. Ezekia alifungua leso juu ya meza yangu. Ndani mlikuwa na picha moja, ukubwa wa postikadi.

"Ni hii tu, dada. Mzee alikuwa hapendi kamera. Hii alipigwa na yule mpiga picha anayetembea na baiskeli, na siku hiyo walimshika kwa nguvu."

Niliitazama kama fundi cherehani anavyotazama kitambaa. Mzee ameketi kwenye kiti nje ya nyumba, mikono ameifumbata kifuani, amevaa sweta. Sweta gani, sikuona. Niliona kichwa.

"Mpendezeshe tu," akasema Ezekia.

Dukani kwetu neno hilo lilikuwa na maana moja. Nilichukua mkasi nikakata picha ile chini kidogo ya kidevu, kichwa nikakiweka konani, kilichobaki nikakisukuma kwenye ndoo ya taka. Sikumuuliza kama kuna negativu. Sikumuuliza lolote. Dakika saba baadaye Mzee Yohana alikuwa amevaa nyeusi, amenyooka, tai nyekundu.

"Dah!" Ezekia akasema, akafuta machozi na kucheka kwa pamoja. "Mzee kawa waziri!"

Akabeba ratiba zake akaondoka mbio, na kile kipande cha kichwa kikabaki kwenye bahasha kwenye droo yangu. Ijumaa taka zikachomwa nyuma ya vibanda, kama kila Ijumaa. Nami siku ile nilijisikia msanii.

Wiki tatu baadaye Ezekia alirudi, safari hii akiwa na mama mfupi, mpana wa mabega, mwenye kitenge cha bluu, aliyeshika ile ratiba imekunjwa mara nne.

"Kamwene, mwanangu," akanisalimu.

"Kamwene, mama. Karibu. Pole sana kwa msiba."

Nilimkalisha kwenye kigoda. Hakutazama kompyuta hata kidogo. Aliikunjua ratiba magotini, akaweka kidole juu ya tai.

"Huyu ni nani?"

Nikajibu kwa upole, nikidhani uchungu umemchanganya. "Ni mzee, mama. Ni Mzee Yohana."

"Mzee Yohana yupi?"

"Mama," Ezekia akaingilia, "nilikwambia, ni baba, wamempendezesha tu."

"Wewe nyamaza. Naongea na fundi." Akanigeukia. "Sura ni yake, nimeiona. Lakini baba yenu huyu bega la kushoto lilikuwa limeshuka. Amepasua mbao maisha yake yote, amebeba magogo kwa bega moja. Hapa mmemnyoosha. Na hiki kifua ni cha nani?"

Kutoka kwenye mlango wa studio Mzee Shaweji akakohoa.

"Changu, mama."

Mama Upendo, ndivyo alivyoitwa kwa jina la bintiye wa kwanza, alimtazama mzee kuanzia viatu mpaka kofia, akarudi kwenye ratiba, akapima.

"Kwa hiyo wiki tatu zote hizi," akasema taratibu, "mimi nimekuwa nalilia kifua chako wewe?"

Mzee Shaweji ambaye alikuwa na mzaha kwa kila maiti wa nyanda zote hizi, hakuwa nao kwa huyu. "Innalillahi," akasema. "Nisamehe, mama. Nisamehe sana." Akaingia ndani, nikasikia anakaa.

Mama hakuwa amekuja kugombana. Alikuwa amekuja kuchukua picha yake. Mwisho wa mwezi ukoo ungekusanyika Kilolo kuweka msalaba, na juu ya kaburi kungepachikwa kigae chenye picha ya marehemu. Alikuwepo fundi Iringa mjini anayechapa picha juu ya vigae, isififie kwa mvua wala jua. Ukoo ulikuwa umekubaliana itumike picha ya suti. Ezekia aliipenda. Wajomba waliipenda. Mjane peke yake ndiye aliyekataa.

"Karatasi nimevumilia, karatasi inachakaa," akasema. "Lakini kigae hakiozi. Mimi na wajukuu tutakwenda pale kila Pasaka kumpalilia mtu tusiyemjua? Nipe picha yangu, mwanangu, niwape ile."

Nikatoa bahasha. Nikaitoa polepole, kana kwamba ndani kipande kingekuwa kimekua. Kikaanguka mezani: kichwa, kidevu, na chini yake kijiukanda cha kola ya sweta chenye uzi mmoja wa kijani.

"Na kilichobaki?"

Nikamwambia. Nikamwambia habari za skana, kioo, kona, mkasi, ndoo, Ijumaa. Nilisema sana. Mtu aliyekosa anakuwa na maelezo mengi kuliko aliyepatia. Nilipomaliza akasema, "Lile sweta nililifuma mimi. Sikuwa na sindano, nilifumia spoku za baiskeli. Alilivaa miaka kumi na moja."

Ningefurahi kama angenipiga.

Niliahidi kumrudishia picha yake kama ilivyokuwa. Niliahidi bila kujua nitafanyaje, na hilo msilifanye. Ezekia alinivuta nje. "Dada, usijisumbue. Alhamisi wiki ijayo fundi wa vigae anataka picha mkononi. Ikifika siku hiyo hakuna nyingine, inaenda ya suti, basi. Mama atazoea."

Kwanza nilijaribu kulichora. Nilikuwa na alama nzuri za kuchora chuoni, nimeshawaambia habari za kiburi. Nilichora sweta kwa kalamu siku mbili. Lilitoka sweta la mtu aliyeko kwenye matangazo ya sweta. Mzee Shaweji alisimama nyuma yangu, mahali pa wateja wabaya, akasema, "Mwanangu, huwezi kukumbuka kitu ambacho hukukitazama." Kisha akanipa kamera ya studio, ameizungushia taulo. "Nenda Kilolo. Sweta lipo. Watu hawazikwi na masweta yao yote."

Sweta lilikuwepo kweli, ila lilikuwa linatembea. Siku ya kugawa nguo za marehemu, sweta lilimwangukia mdogo wake, Mzee Lazaro, na nilipofika kwa Mama Upendo jioni ya Jumanne alikuwepo uani amelivaa, anapasua kuni. Kahawia, mistari miwili ya kijani kifuani, kiwiko kimoja kimetiwa kiraka. Mtu wa umbo lilelile, ukoo uleule. Nilitaka kupiga magoti kushukuru.

Kulipokucha nikamweleza. Ningempiga picha ameketi mahali pale pale, kiti kile kile, mikono kifuani. Kisha ningeondoa kichwa chake na kuweka cha kaka yake.

Mzee Lazaro akaweka shoka chini. "Unasema uondoe nini?"

"Kichwa, baba. Kwenye kompyuta tu."

"Halafu mwili wangu huu unaenda wapi?"

"Unabaki kwenye picha."

"Na picha inaenda wapi?"

Nikaanza kufungua taulo la kamera.

"Inaenda kaburini," akajijibu mwenyewe. "Shemeji, umemsikia mgeni wako? Nikae kitini, nipigwe picha, nipachikwe juu ya kaburi, na mimi bado nadai chakula cha mchana!"

"Ni sweta tu linalotakiwa, Lazaro," Mama Upendo akasema.

"Sweta?" Akalivua palepale, akabaki na fulana yenye matundu, anatetemeka kwa baridi ya Kilolo. "Sweta chukueni. Kifua changu bado nakitumia."

Akaenda zake nyuma ya nyumba. Ezekia alikuwa amefika na mimi kutoka Mbeya. Nikamgeukia, akarudi hatua mbili. "Dada, mimi nina watoto wadogo," akasema, kana kwamba kamera ingewaacha yatima. Nikamkumbusha kuwa Mzee Shaweji amezikwa mara mia na anakunywa chai. Akasema Mzee Shaweji ni Mwislamu, pengine kwao ni tofauti.

Sikieni, vijana. Mtatumia muda mwingi katika kazi hii mkijibizana na watu wazima juu ya mambo yasiyokuwa kwenye silabasi. Jua lilikuwa linapanda. Kivuli cha pua kwenye kile kipande kilikuwa kinaonyesha asubuhi, mwanga wa kushoto, na asubuhi ilikuwa inaniishia. Niliweka sweta juu ya mgongo wa kiti, nikapiga. Lilikuwa sweta lililoanikwa. Nikalijaza blanketi, nikapiga. Lilikuwa gunia lenye kola. Nikalivaa mimi, nikamwambia Ezekia abonyeze. Likanipwaya mpaka magotini, na Ezekia, kwa mkono ule ule unaopiga randa bila kutetemeka, akapiga picha ya paa. Mimi mwenye shahada nilikuwa nimesimama katikati ya uwanja wa watu, nimevaa sweta la marehemu, namfokea seremala, na kuku wananitazama. Nilikuwa karibu kusema basi, iwe suti.

"Lete," Mama Upendo akasema.

Nilidhani anataka kulikunja alirudishe ndani. Akalipokea, akalinusa kwenye kola, akaliingiza kichwani juu ya kitenge chake. Akakaa kwenye kiti. Akatazama mlima ulioko mbele ya nyumba, kama mtu anayekumbuka njia. Kisha akafumbata mikono kifuani, mkono wa kulia juu, vidole ndani ya kwapa.

"Alikuwa anakaa hivi," akasema. "Anasikia baridi hata jua likiwaka."

Nikashika kamera. Niliinua mkono kumwelekeza, kwa sababu kazi yetu imetuharibu, hatuwezi kumwona mtu ametulia tusimwelekeze. Kabla sijafungua mdomo, bega lake la kushoto likashuka. Lilishuka taratibu, kama mzigo unaokaa mahali pake. Mwanamke yule hakuwahi kubeba gogo. Alikuwa amelala upande ule wa bega kwa zaidi ya miaka thelathini.

Nilipiga picha sita. Ezekia alikuwa amegeukia ukuta.

"Lazaro asijue," akasema Mama Upendo akilivua. "Atasema nimemroga kaka yake." Akatengeneza kilemba. "Na wajomba wasijue. Na hao wengine."

Picha mpya nilizisafishia Iringa mjini jioni ile ile, na kipande cha kichwa nilikiingiza kwenye kompyuta Alhamisi asubuhi, dukani kwa fundi wa vigae, ambaye skana yake haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Niliitazama skana ile kwa wivu. Kazi ya dakika saba ilinichukua saa tatu. Ule uzi wa kijani uliobaki kwenye kipande niliuunganisha na uzi wa kijani wa kwenye picha mpya, tundu kwa tundu. Kivuli cha kidevu hakikuhitaji kutengenezwa, kilikuwa kimekaa chenyewe. Fundi wa vigae alikuja nyuma yangu, akasema pembeni pamebaki wazi sana, je, asiweke njiwa? Nilimtazama. Akarudi kwenye tanuri lake.

Tangu hapo sijakata picha ya mtu. Niliporudi Mbeya nilimkuta Mzee Shaweji ameshaifuta suti kwenye kompyuta, akaniambia amechoka kufa. Tulipoteza wateja. Wengine walikwenda duka la pili, ambako walikuwa na suti ya kijivu. Na mimi nikaanza tabia ambayo wote mliopita mikononi mwangu mnaijua na mnaichukia: mtu akileta picha, kabla ya kugusa chochote, unamkalisha kwenye kigoda, unamwambia, "Nisimulie huyu ni nani." Mnalalamika kuwa inachelewesha kazi. Inachelewesha, ndiyo. Nyie mnawahi wapi?

Siku ya msalaba nilikwenda. Sikualikwa, nilijialika. Mchungaji alipomaliza, watu walisogea mmoja mmoja kutazama kigae. Wajomba waliokuwa upande wa suti walikitazama, wakasema, ah, basi, na hii si mbaya. Mjukuu mmoja mdogo akasema "babu" akataka kukishika. Mzee Lazaro alikuja mwisho, amevaa sweta. Alisimama pale muda mrefu, mikono nyuma, akainama, akarudi nyuma, akainama tena. Mimi na Mama Upendo tulikuwa pembeni na birika na beseni, yeye ananawisha watu mikono kabla ya chakula.

"Sasa huyu," Lazaro akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "ndiye kaka. Ile suti ilikuwa upuuzi wa mjini. Tazameni lile bega! Bega lile haliigiziki na mtu yeyote."

"Haliigiziki, shemeji," Mama Upendo akasema. "Njoo unawe."

Akammiminia maji. Mkono ulioshika birika ulikuwa umetulia kabisa. Kisha akanigeukia mimi. Niliinamisha kichwa, nikanyoosha mikono, nikanawa.